Xi akirudi kwenye skrini, alipwe vizuri

Waliokulia kwenye vibanda vya video wanaikumbuka: rubani anatupa chupa tupu ya soda, inaangukia Kalahari, na Xi anafunga safari kwenda kuitupa mwisho wa dunia. The Gods Must Be Crazy, ya Jamie Uys wa Afrika Kusini, ilitoka mwaka 1980.

Ningependa itengenezwe upya, ila si kwa bei ile. N!xau, Msan wa Namibia aliyecheza kama Xi, alilipwa kiduchu. Ilipokuja ya pili, 1989, alikaza bei mpaka wakapandisha. Na huyu ndiye filamu ilimwonyesha kama mtu asiyejua fedha!

Alifariki 2003. Safari hii Wasan washike kamera wenyewe, na mgawo wa mapato uandikwe kabla haijawashwa.