Fuwele Inayomwangazia Mtoto Mwenye Manjano

Mtoto mchanga aliyelazwa chini ya taa ya buluu, macho yamefunikwa kitambaa, ni sura inayojulikana katika wodi za watoto wachanga. Kinachomtibu ni mwanga wenyewe, wala si joto. Bilirubini, inayoigeuza ngozi kuwa ya manjano, hunyonya zaidi mwanga wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 460. Ikiupokea, umbo la molekuli zake hubadilika, ikaweza kutoka mwilini kwa nyongo na mkojo. Ikiachwa ikazidi mno, huweza kuingia ubongoni na kuacha ulemavu wa kudumu.

Katika taa za kisasa mwanga huo hutoka kwenye fuwele za naitridi ya galiamu, ambazo kuzikuza kuliwashinda wataalamu kwa miaka mingi. Fuwele hiyo haiyeyushwi na kupozwa kama silikoni: ikipashwa moto katika kanieneo ya kawaida, huachia naitrojeni yake na kuharibika kabla ya kuyeyuka. Basi hukuzwa kutokana na gesi. Mvuke wenye galiamu hupitishwa pamoja na amonia juu ya bamba la yakuti samawi lenye joto la nyuzi 1000 hivi za Selsiasi, nazo atomi hujipanga tabaka juu ya tabaka. Lakini nafasi baina ya atomi za yakuti na za naitridi hutofautiana kwa takriban asilimia 16, na tabaka zilizotokea zilikuwa na mabonde na nyufa.

Mwaka 1986 Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, wa Chuo Kikuu cha Nagoya nchini Japani, walitandika kwanza utando mwembamba wa naitridi ya alumini katika joto la chini, ndipo wakalipandisha. Fuwele ikatoka angavu kama kioo. Baadaye Shuji Nakamura na wenzake walionyesha kuwa haidrojeni ndiyo iliyoizuia magnesiamu iliyochanganywa kupitisha umeme, na kwamba kuipasha fuwele moto ndani ya naitrojeni huiondoa. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014.

Ubora hupimwa kwa eksirei, inayoonyesha mpangilio wa atomi, na kwa kuimulika fuwele kwa leza ili kuchunguza mwanga inaoutoa. Hadubini ya elektroni huonyesha jambo la ajabu: mamia ya mamilioni ya kasoro katika sentimita moja ya mraba, na bado fuwele huwaka.

Rangi huamuliwa na indiamu. Kiasi chake kikiongezeka, mwanga huelekea kijani. Ndiyo maana taa ya mapambo, hata ikiwa ya buluu machoni petu, haiwezi kuaminiwa kuwa tiba. Hata taa sahihi, ikiwekwa mbali, humpa mtoto mwanga hafifu. Kwa tiba kali hutakiwa angalau mikrowati 30 kwa sentimita ya mraba kwa kila nanomita, na kiasi hicho hupimwa kwa kipimamwanga kilichowekwa pale alipolala mtoto, si kwa kukadiria kwa macho.