Hamu ya Mchezo Inapokauka

Kila nifikapo Habaswein, starehe yangu ni shax, mchezo wa Wasomali uchorwao mchangani, kete 12 kila upande. Naupenda hadi leo. Ajabu ni kwamba safari hii nilimwomba mwenzangu radhi, nikainuka kabla ya kete hata moja kuliwa.

Je, nimezeeka? La hasha! Kupenda na kuwa na hamu si visawe. Penzi hukaa moyoni; hamu huamshwa na watu. Zamani watazamaji walitubishia na kutukejeli. Sasa kila mmoja ameinamia simu yake.

Jioni yake kijana mmoja alitia simu mfukoni, akaketi, akanicheka kwa kete niliyoikosea. Tulicheza hadi adhana ya magharibi. Uliyechoshwa na mchezo uupendao, usijilaumu. Mtafute kwanza mtazamaji.