Kitanda cha Mtoto: Kuzuia Mkojo Bila Kumnyima Usingizi



Godoro ni mali. Familia nyingi huku kwetu Ndara hungoja mavuno ya pojo, au kuuza mbuzi, ndipo wapate godoro moja la futi 3 kwa 6 la mtoto. Halafu mtoto akianza kulikojolea, haichukui muda sponji inaoza, inanuka na kuota ukungu. Hapo mzazi hutafuta njia ya mkato. Wengine hutandika karatasi ya nailoni tupu, na mtoto hulala akitoka jasho na kusikia kelele kila akigeuka. Wengine humtoa mtoto kitandani kabisa, wakamtandikia gunia sakafuni. Basi godoro linapona, lakini mtoto anaumia.

Je, hakuna njia ya kuokoa vyote viwili? Iko, tena si ya gharama kubwa.

KWANZA TUMWELEWE MTOTO

Mtoto hakojoi kitandani kwa uvivu wala kwa ukaidi. Usiku mwili hutoa homoni inayoziambia figo zipunguze mkojo. Kwa watoto wengine homoni hiyo huchelewa kukomaa. Wengine kibofu chao bado ni kidogo, au usingizi wao ni mzito hata hawasikii kibofu kimejaa. Kufunga choo pia huchangia, kwa maana haja kubwa iliyojaa tumboni hukikandamiza kibofu.

Kati ya watoto 100 wa miaka 5, kama 15 hivi bado hukojoa usiku, na kila mwaka baadhi yao huacha wenyewe. Tena jambo hili hufuata ukoo. Ikiwa mzazi mmoja alikuwa hivyo utotoni, takriban watoto 4 kati ya 10 watakuwa hivyo. Wakiwa wazazi wote wawili, ni 7 au 8 kati ya 10. Kwa hivyo kabla ya kushika fimbo, hebu muulize bibi yako wewe ulikuwaje! Kumpiga mtoto au kumwita "kikojozi" mbele ya wenzake hakukaushi kitanda. Kunamwongezea hofu tu.

VITAMBAA VINAVYOPATIKANA

1. Karatasi ya nailoni. Huuzwa kwa mita na ni rahisi. Lakini ina kelele, inateleza, ina joto, na huchanika upesi.

2. Mpira wa hospitali, yaani makintoshi. Jina hilo latokana na Charles Macintosh wa Scotland, ambaye mwaka 1823 alipata hataza ya kitambaa chenye mpira katikati ya nguo mbili. Mpira huu ni imara na hukaa miaka. Ubaya wake ni uzito na joto, na ukianikwa juani kila siku hukakamaa ukapasuka.

3. Kitambaa cha plastiki cha meza, kile chenye nguo upande wa chini. Hiki ni kizuri kuliko nailoni tupu. Hakina kelele nyingi, na ule upande wa nguo hushika godoro kisiteleze.

4. Kifuniko cha godoro chenye pamba au taulo juu na utando mwembamba usiopitisha maji chini. Kimeshonwa kama shuka yenye lastiki pembeni. Utando wake huzuia maji lakini huruhusu mvuke wa jasho kupita. Hiki ndicho chenye starehe zaidi, na bei yake pia iko juu.

Ni kipi ununue? Angalia unapokaa. Huku chini Voi, Ndara na Kasigau usiku waweza kuwa wa joto, na kifuniko kisichopitisha mvuke humchemsha mtoto mpaka akatoka upele. Kama pesa zinatosha, chukua namba 4. Kama hazitoshi, chukua namba 3 na uweke nguo nzito ya pamba juu yake. Kwa ndugu zetu wa Wundanyi na milimani kwenye baridi, joto si tatizo sana. Kule shida ni kukausha, kwa hivyo wachague kitu chepesi.

PIMA KABLA YA KULIPA

Usione haya kukijaribu dukani. Kikunje karibu na sikio; kikipiga kelele hapo, usiku kitapiga zaidi. Kifunge mkononi kama dakika 10. Kiganja kikilowa jasho, ujue mgongo wa mtoto nao utalowa. Ukifika nyumbani kitandaze juu ya gazeti kavu, mimina kikombe kimoja cha maji, na ungoje nusu saa huku ukikandamiza kwa kiganja. Angalia hasa kwenye mishono, maana maji hupenda kupitia matundu ya sindano. Kwa sababu hiyo, usishone kiraka katikati pale mtoto anapolala.

KIPIMO NA KUTANDIKA

Si lazima kufunika godoro zima. Tuseme godoro ni la futi 3, yaani sentimita 90, na unene wake inchi 6, yaani 15. Kitambaa kivuke juu (90), kishuke pande zote mbili (30), kisha kiingie chini ya godoro shibiri moja kila upande (40). Jumla ni sentimita 160. Kwa urefu wa kitanda, mita moja yatosha, kutoka kifuani hadi magotini. Kwa mtoto anayebingiria sana usiku, ongeza.

Tandika hivi, kuanzia chini:

(a) godoro;
(b) kitambaa kisichopitisha maji, kikiwa kimevutwa na kuchomekwa vizuri;
(c) nguo ya kunyonya, kama taulo kuukuu, blanketi la zamani au leso mbili zilizokunjwa;
(d) shuka ya pamba.

Usimlaze mtoto moja kwa moja juu ya plastiki. Ile nguo ya kunyonya ndiyo inayompa starehe, maana huvuta mkojo mbali na ngozi na hufyonza jasho. Kama una vitambaa viwili, rudia (b), (c) na (d) mara ya pili juu ya zile za kwanza. Usiku akikojoa, unavuta za juu tu, na chini kuna kitanda kikavu kimeshatandikwa. Hakuna haja ya kuwasha taa na kuamsha nyumba nzima.

KUFUA PENYE UHABA WA MAJI

Sote twajua mtungi wa lita 20 unavyotafutwa. Hapa ndipo kifuniko kinapolipa, kwa sababu ni rahisi kufua shuka na taulo kuliko kuosha sponji. Suuza mapema asubuhi kwa maji kidogo ya baridi, kisha ufue kwa sabuni. Mkojo ukilala ndani ya nguo, vijidudu huugeuza kuwa amonia, na ndiyo ile harufu inayochoma pua. Mpira na plastiki vipanguse kwa kitambaa chenye sabuni, uvisuuze, uvikaushe kivulini. Usivipige pasi wala kuvichemsha. Godoro lenyewe lianikwe jua la Voi angalau mara moja kwa wiki.

TAHADHARI

- Mifuko myembamba ya plastiki isitumike kitandani kabisa. Ile ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na iliyosalia majumbani yaweza kumziba mtoto pumzi.
- Kwa mtoto mchanga, godoro liwe gumu na kitambaa kivutwe sawasawa, kisiwe na ncha inayoning'inia.
- Koroboi na mshumaa vikae mbali. Plastiki na sponji hushika moto haraka.
- Chandarua kichomekwe chini ya godoro baada ya kutandika.

CHOO CHA USIKU

Kuna watoto wanaoamka lakini wanaogopa kutoka, na hawana makosa. Sisi tunaoishi kando ya Tsavo Mashariki twajua ndovu hupita mashambani usiku, na choo kiko nje. Muwekee mtoto ndoo yenye kifuniko ndani, na tochi karibu. Anywe maji vya kutosha mchana, lakini apunguze vinywaji saa mbili kabla ya kulala, hasa chai ya majani ambayo huongeza mkojo. Ahakikishe amekojoa kabla ya kupanda kitandani.

LINI KWENDA HOSPITALI?

Mpeleke zahanati ikiwa anaumwa akikojoa, mkojo una damu (yaweza kuwa kichocho), ana homa, anafunga choo mara kwa mara, au alikaa mkavu miezi sita kisha akaanza tena. Akiwa na kiu isiyoisha, anakojoa sana na anakonda, usingoje. Mpeleke siku hiyo hiyo, maana hizo ni dalili za kisukari.

Mwisho, akina mama walio kwenye vyama vya kuchangiana wanaweza kununua kitambaa cha meza mita nyingi kwa pamoja na kukikata kwa kipimo tulichotoa. Mita 8 hutoa vipande 5 vya sentimita 160, mradi upana wake ufike mita moja au zaidi. Hivyo ni vitanda vitano, na watoto watano wanaoamka asubuhi bila kuogopa kufunua blanketi.