Bei ya Sahani na Bei ya Wimbo

Juzi mwenzangu mmoja wa darasani aliniuliza kwa nini mtu mwenye akili timamu atoe fedha nyingi kununua sahani ya santuri, na hali wimbo ule ule aweza kuusikia katika simu bila ya kulipa hata senti moja. Sikuweza kumjibu papo hapo. Tangu siku ile nimesoma na kuulizauliza kwa watu wanaojua, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza yafaa tuijue sahani yenyewe. Ukimwuliza mtu sahani ya santuri ina mifereji mingapi, atakisia mia au elfu. Kumbe kila upande una mfereji mmoja tu, uliojizungusha kutoka ukingoni mpaka karibu na tundu la katikati, kama nyoka aliyejikunja. Sahani kubwa huzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika. Upande mmoja ukiimba dakika 20, sahani itakuwa imezunguka mara 667 hivi; na ukichukua kila mzunguko kwa wastani kuwa sentimita 65, utaona kwamba sindano imesafiri zaidi ya mita 430. Wanaochukia hisabati wanisamehe. Katika kuta za mfereji huo yamo mawimbi madogo sana. Sindano ikipita hutikiswa nayo, na mtikiso huo ndio unaokuzwa mpaka ukawa sauti. Lakini kila sindano ipitapo hukwangua kidogo, hasa ikiwa nzito au butu. Kwa hiyo sahani iliyopendwa sana ndiyo iliyochakaa sana, na ile unayoikuta safi kama mpya, mara nyingi ni ile ambayo haikupendwa na mtu.

Sahani za zamani zilizofika pwani ya Afrika Mashariki zilitengenezwa kwa shelaki, yaani utomvu wa wadudu wapatikanao India na nchi za karibu nayo. Zilizunguka mara 78 kwa dakika, zikaimba dakika tatu hivi kila upande, na zikianguka zilivunjika kama sahani za chakula. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja kwenda Bombay, akaimba mbele ya mitambo ya kampuni ya His Master's Voice, na santuri zake zikauzwa kotekote pwani. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa sahani kubwa ya plastiki iitwayo vinaili, na mwaka uliofuata RCA Victor ikatoa ile ndogo ya mizunguko 45. Mwaka huo huo wa 1948, mjini Léopoldville, ambao sasa ni Kinshasa, Mgiriki mmoja jina lake Nicolas Jéronimidis alianzisha kampuni ya Ngoma, na Wendo akawapa watu wa Kongo wimbo wa "Marie-Louise". Katika miaka ya 1950 Nairobi nayo ilipata kiwanda chake cha kufyatulia sahani. Tanzania haikuwa na kiwanda; bendi za Dar es Salaam zilirekodiwa katika kanda za redio, na nyimbo zilizobahatika zikapelekwa Nairobi kufyatuliwa. Huko ndiko zilikotoka nyingi za sahani walizozicheza wazee wetu hapa Uganda.

Kisha zikaja kaseti. Katika miaka ya 1980 mtu yeyote mwenye redio ya kaseti mbili aliweza kunakili wimbo usiku mmoja na kuuza nakala sokoni asubuhi, wala mwanamuziki asipate kitu. Biashara ya sahani ikafa. Watu waliziondoa sebuleni wakazitia stoo, na wengine wakawapa watoto wazichezee.

Huko Ulaya na Marekani nako sahani zilikaribia kutoweka, lakini zikarudi. Mwaka 2022 Wamarekani walinunua sahani za vinaili kiasi cha milioni 41, na diski za CD milioni 33. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka 1987 sahani kuishinda CD kwa idadi. Basi hapa ndipo bei zilipoanza kupanda, na sababu yake ya kwanza ni nyepesi kuelewa. Wakati sahani zilipokuwa hazitakiwi, viwanda vilifungwa na mashine zikauzwa kwa chuma chakavu. Wanunuzi waliporudi walikuta viwanda vichache, vyenye mashine kuukuu. Zaidi ya hayo, mwezi wa Februari 1920 ungekuwa jambo jingine, lakini Februari 2020 uliteketea kwa moto, huko California, mmoja wa viwanda viwili tu duniani vilivyokuwa vikitengeneza zile sahani laini za kuchorea mfereji wa kwanza. Kikabaki kimoja, cha Japani.

Sasa tuje kwenye matoleo ya nakala chache, maana hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika, na wengine wanapolaumu bila haki. Kufyatua sahani hakuanzi na sahani. Huchorwa kwanza mfereji katika ile sahani laini, kisha hupakwa madini, na kutokana nayo hutengenezwa kalibu ya nikeli. Kalibu ndiyo inayokandamiza vinaili ya moto kama vile mtu anavyokandamiza unga wa maandazi kwa kikombe. Gharama ya kalibu ya kwanza ni ile ile, utake sahani chache au nyingi. Basi kampuni ndogo inayotaka kutoa upya nyimbo za kale za Zambia, nayo yajua kwamba wanunuzi wake duniani hawazidi mia chache, itafanya nini? Itafyatua 500 na kuzigawia gharama yote. Sahani itakuwa ghali, lakini hakuna hila. Uchache wake ni wa kweli.

Uchache wa pili ni wa kutengenezwa. Tangu mwaka 2008 iko siku katika mwaka, kwa kawaida mwezi wa Aprili, ambapo maduka ya sahani huko ng'ambo huuza matoleo maalumu ya siku hiyo. Nia ilikuwa njema, kuyaokoa maduka madogo. Lakini watu hupanga foleni tangu alfajiri, na wengine wao jioni ile ile huwa wameziuza tena katika intaneti kwa bei mara mbili au tatu. Huyo si mkusanyaji, ni mlanguzi. Kampuni kubwa nazo zimejifunza. Taylor Swift alipotoa "Midnights" mwaka 2022, sahani yake ilitoka na majalada manne, na migongo ya majalada hayo ikiunganishwa hufanya uso wa saa. Mpenzi wake anayetaka saa nzima hununua sahani nne. Mimi siwezi kumkataza mtu kutumia fedha zake, ila naona kwamba aliyenunua saa amenunua saa, wala asituambie amenunua muziki.

Mfano ulionifumbua macho ni wa Frank Wilson. Mwaka 1965 mwimbaji huyu aliimba "Do I Love You (Indeed I Do)" kwa kampuni ya Motown. Zilifyatuliwa sahani za kutangazia wimbo, kisha zikaharibiwa karibu zote kabla wimbo haujaingia madukani. Zikasalia chache mno. Mwaka 2009 moja katika hizo iliuzwa Uingereza kwa paundi 25,742, na mwaka 2020 ikasemekana kuuzwa tena kwa paundi 100,000. Sasa angalia: wimbo wenyewe ulikuwa umetolewa upya huko Uingereza tangu mwaka 1979, mtu akaweza kuununua kwa fedha za chakula cha mchana. Kwa hiyo zile paundi 100,000 hazikuwa bei ya wimbo. Zilikuwa bei ya kipande kile cha plastiki na habari zake. Wimbo u salama, hata kipande kile kikivunjika kesho.

Hapa kwetu mambo ni kinyume, na nitaeleza kwa habari ya nyumbani. Babu yangu alikuwa mfanyakazi wa reli, akipita Tororo, Nakuru na Nairobi, na kila safari alirudi na sahani moja au mbili. Alikuwa nazo zipatazo 60 ndani ya sanduku la bati. Baada ya matanga alikuja mtu tusiyemjua, akazitazama moja moja kwenye jua, akatoa shilingi 50,000 kwa sanduku zima. Ilikuwa bei ya gunia la makaa, nasi tulimshukuru. Miaka miwili baadaye bibi alitaka kuusikia wimbo mmoja aliokuwa akichezewa wakati alipokuwa bibi arusi. Tuliutafuta katika simu, haumo. Tukautafuta katika Discogs, lile daftari kubwa la santuri katika intaneti lililoanzishwa mwaka 2000, ambamo watu wa dunia nzima huandika sahani zao na kuziuza. Tulikuta sahani nyingine za kampuni ile ile ya Nairobi, zenye namba zinazotangulia na zinazofuata, na bei zilizotufanya tunyamaze. Ile ya bibi haikuwamo. Kanda za asili za nyimbo nyingi za miaka ile zimepotea au zimeoza, basi sahani ikiondoka huenda umeondoka na wimbo.

Wala sitaki kusema kwamba kila mgeni anayetoa upya nyimbo zetu ni mwizi. Bendi ya WITCH ya Zambia ilikuwa imesahauliwa kabisa, sahani yake ya "Lazy Bones!!" ya mwaka 1975 ilijulikana na watu wachache tu. Ilipotolewa upya ng'ambo, mwimbaji wake Jagari Chanda alialikwa kuimba Ulaya akiwa mtu mzima, na mwaka 2023 bendi ikatoa sahani mpya. Kampuni ya Soundway ya Uingereza nayo ilikusanya nyimbo za Kenya za miaka ya 1970 na 1980, ikazitoa mwaka 2013 kwa jina la "Kenya Special". Nyingine katika hizo zilikuwa katika sahani ndogo tu, zisizopatikana hata Nairobi. Lakini matoleo haya hufyatuliwa na kuuzwa mbali, na mtu wa Kampala akiagiza atalipa bei ya sahani, nauli ya posta na ushuru, hata aone heri kununua mbuzi. Jambo la kutazama ni kijitabu kilichomo ndani. Toleo lililofanywa kwa uangalifu hutaja waliopiga magita, mwaka, mahali, na kama wenyewe au warithi wao walitafutwa wakalipwa. Jalada likiwa na rangi nzuri na halina majina, mimi ningelirudisha.

Ikiwa nyumbani kwenu mna sahani za kale, usizijaribu upesi. Itazame kwenye jua uone mikwaruzo. Katika nafasi laini baina ya mwisho wa mfereji na karatasi ya katikati utaona namba na herufi zilizochorwa kwa mkono au kugongwa. Hizo hutambulisha kalibu, na hata karatasi ikiwa imefutika, namba huenda ikasomeka. Ya shelaki na ya vinaili usizichanganye: kinanda cha kale cha ufunguo, chenye sindano ya chuma, kitailima vinaili kama jembe. Vumbi lioshwe kwa maji safi na sabuni kidogo sana, bila kuilowesha karatasi. Spiriti isiguse shelaki hata kidogo, maana huiyeyusha. Zisimamishwe wima kama vitabu, mbali na mabati yanayopata jua la mchana, kwa kuwa vinaili ikipata joto hupinda na haitanyooka tena. Baada ya hayo tafuta mtu mwenye mashine nzuri iliyounganishwa na kompyuta, wimbo uhifadhiwe, ndipo mseme habari ya kuuza au kutouza.

Katika zile 60 za babu zimesalia mbili, kwa sababu zilikuwa zimeazimwa na jirani siku ile. Nimezinakili katika maabara ya shule kwa msaada wa mwalimu wa fizikia, na bibi amenitajia jina la mpigaji gita wa moja. Ya pili hakuitambua. Sasa ninaandika daftari la sahani zilizomo majumbani mwa wanafunzi wa shule hii. Mkirudi kutoka likizo msiniletee sahani zenyewe, zitavunjika ndani ya basi. Nileteeni jina la wimbo, jina la bendi, jina la kampuni, na zile namba za karibu na karatasi, pamoja na neno lolote analolikumbuka mzee mwenye sahani. Daftari liko katika maktaba, kwenye meza ya pili kutoka mlangoni.