Uso Si Sufuria

Jumapili moja, kwaya ya vijana ilipokuwa ikijipanga kuimba, tuliona kwamba binti mmoja mwenye sauti nzuri kuliko wenzake amehama kutoka mstari wa mbele na kujibanza nyuma ya wavulana. Jumapili iliyofuata hakuja kabisa. Tulipomwuliza mama yake, alijibu kwa sauti ya kuchoka: "Ni hizo chunusi zake. Kila siku namwambia anawe, hanisikii. Uso umejaa uchafu."

Tulikwenda nyumbani kwao kumjulia hali. Binti huyo ana umri wa miaka 16. Kumbe alikuwa akinawa, tena mara nne kwa siku, kwa sabuni ya kufulia na dodoki, mpaka ngozi ya mashavu ikawa inawasha na kuchubuka. Akimaliza, alijipaka mafuta mazito ya mgando ili uso usikauke. Na kwa kuwa alikuwa amesukwa, kila usiku alitia mafuta ya nywele kwenye mistari yote, kuanzia utosini mpaka kwenye paji la uso.

"Nasugua, mama zangu," alituambia huku machozi yakimlengalenga. "Nasugua mpaka inauma, na bado zinatoka."

Tulitoka pale tukiwa na huzuni, maana tulijua kwamba wengi wetu tungempa ushauri ule ule aliopewa na mama yake. Basi tuliona ni vema tulizungumze jambo hili hapa, ili akina mama na mabinti tuelewe vizuri ni nini hasa kinachoziba vinyweleo vya ngozi, na tufanye nini.

Kinachoziba ni nini?

Ngozi yetu ina vitundu vidogo sana viitwavyo vinyweleo. Katika kila kinyweleo huota unywele, hata kama ni laini usioonekana kwa macho. Pembeni ya unywele huo, ndani ya ngozi, ipo tezi ndogo inayotengeneza mafuta. Mafuta hayo hupanda kupitia kitundu hicho mpaka juu, yakailainisha ngozi na kuikinga isikauke. Tezi hizi ni nyingi zaidi usoni, kifuani na mgongoni. Ndiyo maana chunusi hupenda kutoka sehemu hizo. Kwenye viganja na nyayo hazipo kabisa, nasi hatujaona mtu mwenye chunusi za kiganjani.

Vilevile ngozi hujifanya upya wakati wote. Seli mpya huzaliwa chini, husukumwa juu, hufa na kupukutika, na safari hiyo huchukua takribani mwezi mmoja. Hata kuta za ndani za kinyweleo hupukutika hivyo. Mambo yakienda sawa, seli zilizokufa hutoka pamoja na mafuta. Lakini mafuta yakiwa mengi, na seli zikigandamana badala ya kutoka moja moja, hutokea kizibo mle ndani, kama vile mafuta ya kupikia yanavyoganda na makombo ya chakula kwenye bomba la sinki la jikoni.

Kizibo hicho kikifunikwa na ngozi, huonekana kama kipele kidogo cheupe. Kikiwa wazi kwa juu, kichwa chake huwa cheusi. Hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Weusi ule si vumbi wala uchafu wa barabarani. Ni mafuta na rangi ya asili ya ngozi vilivyobadilika kwa kukutana na hewa, kama tunda la parachichi lililokatwa na kuachwa mezani. Hauondoki kwa kusuguliwa.

Nyuma ya kizibo, mafuta huendelea kujaa. Bakteria ambao kwa kawaida huishi kwenye ngozi ya kila mtu huongezeka humo, mwili hupambana nao, na matokeo yake ni uvimbe, maumivu na usaha. Hiyo ndiyo chunusi iliyoiva.

Basi, mama mwenzetu, uliyekuwa ukimwambia binti yako kwamba ana uchafu, tunakuomba ulirudishe neno hilo. Kinachoziba kimetoka ndani. Kusugua kwa dodoki, kwa jiwe au kwa kitambaa kigumu hakukifikii. Kunaumiza tu ngozi ya juu, na ngozi iliyoumizwa huvimba na kuzidi kuziba vinyweleo.

Kwa nini katika umri huu?

Mtoto anapobalehe, awe wa kike au wa kiume, homoni huziamsha tezi za mafuta zifanye kazi zaidi. Kwa wanawake, chunusi huweza pia kutokea siku chache kabla ya hedhi, wakati wa ujauzito, au hata baada ya kutimiza miaka 30. Tena, mwelekeo wa kupata chunusi mara nyingi hurithiwa. Baba aliyesumbuliwa nazo ujanani asishangae kumwona mwanawe nazo.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu wapo wanaonong'ona kwamba msichana mwenye chunusi ameanza tabia mbaya, au kwamba zitakwisha akiolewa. Maneno hayo hayana ukweli wowote, nayo yamewatoa machozi mabinti wengi wasio na kosa. Tusiyaruhusu nyumbani mwetu wala katika vikundi vyetu.

Mafuta tunayojipaka wenyewe

Pamoja na mafuta ya mwili, yapo tunayoyaongeza kwa mikono yetu. Mwaka 1970 madaktari wa ngozi nchini Marekani, Albert Kligman akiwa mmoja wao, walieleza aina ya chunusi waliyoiona kwa watu weusi waliokuwa wakipaka mafuta mazito kwenye nywele. Vipele vilijipanga kwenye paji la uso na karibu na masikio, pale pale ambapo mafuta huteremka kutoka kichwani.

Tulipomtazama tena yule binti, vipele vyake vingi vilikuwa hapo hapo. Jua linapowaka, au mtu anapolala, mafuta ya kichwani huteremka usoni. Mengine hunywewa na kitambaa cha kichwa na foronya, nayo hurudi shavuni kila usiku.

Mafuta ya nazi, ambayo bibi zetu wa pwani wameyasifu kwa nywele tangu zamani, ni mazuri kwa nywele. Lakini yakipakwa kwenye uso wenye mafuta mengi huweza kuziba vinyweleo. Siagi ya kakao ni vivyo hivyo. Mafuta ya mgando yanafaa sana kwa visigino, kwa mikono iliyokauka na kwa ngozi kavu ya mtoto, lakini uso unaong'aa mafuta hauhitaji kuongezewa tabaka zito namna hiyo.

Krimu ya rafiki

Sasa tuseme lililotutia hofu zaidi. Wiki chache kabla ya ziara yetu, binti huyo alikuwa amepewa na rafiki yake krimu iliyonunuliwa saluni, isiyo na maelezo ya kueleweka. Wiki ya kwanza uso ulilainika na kung'aa, akafurahi. Mwezi wa pili vilizuka vipele vingi vyekundu vinavyofanana, na ngozi ikawa nyembamba, inayochoma juani. Kila alipojaribu kuacha, hali ilizidi kuwa mbaya.

Daktari wa ngozi alipoiona krimu hiyo alisema ina steroidi. Dawa hii ina kazi yake hospitalini, na kwa muda mfupi hutuliza uvimbe. Ndiyo maana mtu hudhani amepona. Lakini ikipakwa usoni mfululizo bila usimamizi huikondesha ngozi na kuleta chunusi za aina yake. Aliyekwisha kuizoea asiiache ghafla bila kumwona daktari.

Mikorogo mingine ya kujichubua huwa na haidrokwinoni, ambayo ikitumika muda mrefu huweza kuacha weusi usiofutika, au zebaki, ambayo hupenya ngozi na kudhuru figo, na kwa mama mjamzito hudhuru hata mtoto aliye tumboni. Mataifa mengi yamekubaliana kuiondoa zebaki katika vipodozi kupitia Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, lakini bado mikorogo hiyo huuzwa kwa siri. Mama, kagua kabati la binti yako. Na kabla ya hapo, kagua la kwako, maana watoto hujifunza kwa kututazama.

Tufanye nini?

Kwanza, nawa uso mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na baada ya kutoka jasho jingi. Tumia vidole, maji ya kawaida au ya uvuguvugu, na sabuni laini. Sabuni ya kufulia ibaki kwenye beseni la nguo, kwa kuwa ni kali mno kwa ngozi ya uso. Jifute kwa kugandamiza taulo taratibu, bila kusugua.

Pili, sogeza mafuta ya nywele mbali na uso. Paka kidogo tu, tena mbali na mstari wa mbele wa nywele. Funga kichwa kwa kitambaa safi wakati wa kulala, na fua foronya kila wiki.

Tatu, kama uso unakauka, chagua losheni nyepesi badala ya mafuta mazito. Ukinunua kipodozi, tafuta kilichoandikwa kwamba hakizibi vinyweleo. Poda na rangi zote zioshwe kabla ya kulala.

Nne, zipo dawa za kupaka zinazosaidia kweli. Asidi ya salisiliki, isiyozidi asilimia 2, husaidia kulegeza kizibo. Benzoili peroksaidi hupunguza bakteria. Anza na ya asilimia 2.5 au 5, upake kidogo, na ujihadhari kwa kuwa hufifisha rangi ya nguo na taulo. Adapalini huzuia vizibo vipya visijengeke, lakini mjamzito asiitumie. Mwulize mfamasia katika duka la dawa lililosajiliwa; usinunue sokoni.

Tano, jikinge na jua kali kwa kofia au mwavuli. Jua huyafanya madoa yanayobaki baada ya chunusi yazidi kuwa meusi.

Huenda umesikia kwamba mvuke wa maji ya moto hufungua vinyweleo na maji baridi huvifunga. Vinyweleo havina msuli wa kuvifungua wala kuvifunga. Mvuke hulainisha mafuta tu, na mwingi huunguza. Kuhusu chakula, vitu vyenye sukari nyingi, kama soda, vimeonekana kuwaongezea baadhi ya watu chunusi, hivyo ni vizuri kuvipunguza.

Usikamue, na usikate tamaa

Sisi wenye ngozi nyeusi tuna sababu ya ziada ya kuiachia chunusi ipone yenyewe. Ngozi yetu ikiumizwa huacha doa jeusi ambalo huweza kukaa miezi mingi, na kwa baadhi yetu kovu huvimba na kukua. Chunusi yenyewe ingekwisha kwa siku chache. Kucha ndizo zinazoiachia alama ya mwaka mzima.

Zaidi ya yote, jipe muda. Chunusi unayoiona leo ilianza kuziba wiki kadhaa zilizopita, na vingine vinavyoanza kuziba leo bado havijaonekana. Kwa hiyo dawa nzuri haionyeshi matunda yake kwa siku tatu. Ngoja wiki 8 hadi 12 kabla ya kusema kwamba haifai. Wengi huharibu kwa kubadilisha dawa kila wiki.

Kama kuna uvimbe mkubwa wenye maumivu, makovu yanayoanza kujengeka, au kama mwanamke mzima mwenye chunusi nyingi anaona pia hedhi inayoruka na ndevu zinazoota, aende hospitali. Afrika ya Mashariki tuna wataalamu: tangu mwaka 1992 kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha waganga wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Kumbuka kwamba vidonge vya isotretinoini vinavyotolewa kwa chunusi kali haviruhusiwi kabisa kwa mjamzito wala kwa anayetarajia kupata mimba, kwa sababu hulemaza mtoto.

Yule binti aliwekwa chini ya uangalizi wa daktari, akaiacha krimu kwa utaratibu aliopangiwa. Dodoki limerudi bafuni kwa ajili ya miguu. Mwezi wa kwanza ulikuwa mgumu, na mara mbili alitaka kuacha. Mwezi wa tatu vipele vipya vilianza kupungua. Madoa bado anayo, tena mengi.

Lakini mama yake alifanya jambo moja ambalo halipatikani katika duka lolote la dawa. Alimwita jioni moja, akamwambia, "Mwanangu, nilikuita mchafu na hukuwa mchafu. Nisamehe." Jumapili iliyofuata, binti alisimama mstari wa mbele, na madoa yake yote, akaimba.