Vidole vitano, mianya minne

Asubuhi, kabla ya uji, nyuma ya nyumba moja Misungwi. Mtoto wa miaka mitano anakanyaga kijiti cha kibuyu chirizi. Dumu la lita 5 linainama, maji yanachirizika. Anapaka sabuni, anasugua katikati ya vidole.

"Mkono mmoja una vidole vingapi, mjukuu wangu?"

"Vitano, bibi."

"Na mianya uliyosugua?"

Anaigusa mmoja mmoja. "Minne." Haamini, anarudia kuhesabu.

Hiyo ni hisabati kamili. Mtoto anayeimba moja hadi kumi bado hajahesabu. Anahesabu pale kila namba inapopata kitu chake cha kushika. Kiswahili nacho kina mitego: vidole vitatu, matone matatu, mikono miwili, halafu sita inabaki sita kwa kila kitu. Masikio ya mtoto huyazoea haya kwa kuyatenda. Na kama nyumbani namba za kwanza kusikika ni za Kisukuma, imo, ibili, idatu, mwacheni aanze nazo. Idatu na tatu ni ndugu, atavuka mwenyewe.

Mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016 ulimtaka mtoto ajue kutunza afya na kutumia dhana za kihisabati. Penye maji ya kunawa, yote mawili yanakutana bila kununua daftari. Mikono inatakiwa kusuguliwa kwa sabuni kwa sekunde zisizopungua 20, basi ahesabu polepole hadi 20, kesho aanzie 20 kurudi nyuma. Wakati wa kujaza dumu, mpe kikombe cha nusu lita, umuulize kwanza: vitaingia vingapi? Akisema vitano, usimsahihishe. Mwache amimine. Kikombe cha kumi kikijaza dumu, hatakisahau, kwa sababu alikibeba mwenyewe.

Ombi langu kwa wazazi: swali moja kwa siku linatosha. Kunawa kukigeuka mtihani, mtoto atakimbia sabuni na namba pia, nasi watu wa kando ya ziwa tunakijua kipindupindu vizuri mno kuiachia mikono michafu nafasi.

Usiku, kwenye kopo kuna miswaki mitano. Mtoto anaigusa kwa kidole: minne ina unyevu.

"Mmoja mkavu," anasema, na kwenda kumwita kaka yake.