Dubu wa Mji wa Chokoleti

Huko Pennsylvania, katika Marekani, uko mji mdogo uitwao Hershey. Mwenye jina hilo, Milton Hershey, alianza kujenga kiwanda chake cha chokoleti mahali hapo mwaka 1903, na mji ukakua kukizunguka. Leo twapenda kueleza habari za timu ya mji huo.

Mchezo wenyewe ni ule wa magongo, lakini huchezwa juu ya barafu. Wachezaji sita kila upande huvaa viatu vyenye vyuma vyembamba mfano wa makali ya kisu, nao hugombea kisahani kigumu cha mpira. Aonaye mara ya kwanza aweza kudhani ni ugomvi mtupu.

Katika dhiki ya miaka ya 1930, viwanda vingi vilipofungwa, Bwana Hershey alizidi kujenga ili watu wake wapate kazi. Katika majengo hayo umo uwanja wa barafu uliofunguliwa mwaka 1936, ambao paa lake ni ganda jembamba la saruji, pasipo nguzo ya kumziba mtazamaji.

Timu hapo kwanza iliitwa kwa jina la vipande vya chokoleti. Waandishi wa magazeti wa New York wakanung'unika kwamba hayo ni matangazo ya biashara, basi mwaka 1936 ikaitwa Bears, yaani Dubu. Kwa Kiingereza maneno hayo mawili yakaribiana kwa sauti, hata mwenye kiwanda hakupoteza kitu!

Mwaka 1938 Dubu waliingia katika ligi ambayo sasa huitwa American Hockey League, wala hawajatoka. Timu za Cleveland, Pittsburgh na Philadelphia, miji mikubwa mno, zilizocheza nao msimu ule, zote zilivunjika au kuhama. Lakini ligi hii ni ya daraja la pili, na hapo ndipo penye uchungu: mchezaji akisha kuiva huitwa na timu kubwa, ambayo tangu mwaka 2005 ni ile ya Washington, pengine katikati ya msimu, na watu wa Hershey hubaki na pengo. Hata hivyo wametwaa Kombe la Calder mara 13, kwanza mwaka 1947, na la kumi na tatu mwaka 2024.

Tangu mwaka 2002 huchezea uwanja mpya. Siku moja kila msimu, bao la kwanza la wenyeji likiingia, watazamaji hutupa barafuni dubu wa kuchezea, ili wagawiwe watoto wenye haja. Tarehe 5 Januari 2025 walihesabiwa 102,343, na mchezo ukangoja mpaka wote wameokotwa.